Ukurasa wa Themanini na Tatu

Gari la mwendesha mashtaka, jipu, lingefika saa tisa alasiri, na likifika lingeondoka na Mama Alphonsine. Dodo Kabamba aliambiwa hilo mlangoni mwa kituo cha polisi cha Likasi saa mbili asubuhi, hata kabla hajavua koti. Baridi ya Juni ilikuwa kali. Faili lilikuwa tayari juu ya meza yake, na kamanda alikuwa ameandika juu ya jalada, kwa herufi kubwa, kwamba lisafiri leo.

Lilikuwa faili jembamba. Alphonsine Mwadi, miaka hamsini na mitatu, msimamizi wa maagizo ya vitabu katika maktaba ya taasisi ya ufundi wa migodi, kazini miaka kumi na tisa. Mlalamikaji ni Carlos Tshimanga, mkuu wa maktaba hiyo, kazini miaka miwili. Mashtaka: amezuia kwa makusudi maagizo arobaini na moja, na vitabu vya taasisi vimepotea mikononi mwake. Maelezo ya mshtakiwa yalikuwa nusu ukurasa. Siku ile ya kwanza alikubali jina lake na umri wake, kisha akafunga mdomo. Carlos alikuwepo. Alipewa kiti pembeni ya meza ya Dodo na chupa ya soda, sucré, kama wanavyopewa watu wa heshima wanapokuja kushtaki.

Dodo alikuwa ofisa wa upelelezi kwa miaka ishirini na miwili. Alijua njia ya faili jembamba. Linakwenda Lubumbashi na mtu wake, mtu anaingia gerezani kusubiri kesi, na kesi inamsahau.

Alikwenda nyuma kwenye mahabusu. Mama Alphonsine alikuwa amekaa juu ya katoni, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Dada yake alikuwa amemletea samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele, naye alikuwa amewagawia wanawake wengine wawili wa ndani.

"Mama Alphonsine, leo njo siku ya mwisho. Jipu inakuya saa tisa."

"Nilisikia."

"Sema kintu basi. Siku tatu unaniangalia sawa vile minye njo mwizi."

"Weye haukuiba kintu, shefu. Ulikosa tu kuangalia."

"Kuangalia nini?"

Mama alitazama kwanza ukumbini, alipokuwa amesimama mlinzi. Kisha akasogea karibu na nondo. "Tiroir yangu, ile droo ya meza ku maktaba. Uende uivute, uangalie. Usitume muntu. Uende weye na macho yako."

"Nilituma muntu. Alisema ni makaratasi tu."

"Ni makaratasi. Alitaka akute nini, samaki ya tomson?"

Mmoja wa wale wanawake akacheka. Mama Alphonsine hakucheka. Akarudi kwenye katoni yake, na Dodo akajua hatapata neno jingine pale.

*

Maktaba ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wenye madirisha ya chuma, na vioo vilivyovunjika vilikuwa vimezibwa kwa mbao. Wanafunzi walikuwa wamejaa. Watatu walisoma kitabu kimoja, mmoja akishika upande wa kulia, mmoja wa kushoto, na wa katikati akipindua kurasa.

Carlos Tshimanga alimpokea kwa tai na simu mbili. "Bonjour, inspecteur. Nilifikiri faili imefungwa."

"Itafungwa saa tisa. Nataka kuona tiroir."

"Tiroir?" Carlos alitabasamu. "Iko pale. Glodie, umuonyeshe inspecteur."

Glodie alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Kazi yake ilikuwa kuvipa vitabu nambari. Aliivuta droo ya mbao kutoka kwenye meza ya Mama Alphonsine akaiweka wazi mbele ya Dodo. Ilikuwa na vyumba vitatu, na kila chumba kilijaa kadi nyeupe.

"Eleza sawa vile unaelezea muntu wa soko," Dodo alisema.

"Ni mwepesi, papa. Mwalimu anataka kitabu, anajaza fishi, hii kadi. Mama Alphonsine anaangalia kama kitabu hatuna tayari. Kama hatuna, anaandika komande, anaagiza ku muuzaji, fishi inaingia mu chumba ya pili. Kitabu kikifika, anakifungua, anakiangalia ukurasa kwa ukurasa, anasaini, fishi inaingia mu ya tatu. Kisha njo minye nakipatia nambari, kinaenda ku rafu."

"Na kama hasaini?"

Glodie alimtazama Carlos kwanza. "Kinalala pale." Akaonyesha maboksi chini ya dirisha.

"Miezi sita binalala!" Carlos alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Bitabu bimefika, na wanafunzi banasoma batatu batatu. Angalia, inspecteur. Muulize kila muntu hapa kama anamuhurumia."

Hakuna mwanafunzi aliyeinua kichwa.

Dodo alivuta kiti, akamwaga kadi za chumba cha pili mezani, akaanza kuzipanga kama mtu anayecheza karata. Hakuwa mtu wa vitabu. Lakini kadi alizielewa, kwa sababu kila kadi ilikuwa na majibu ya maswali yaleyale ambayo polisi huuliza: nani ameomba, lini, kwa nani, na nini kilifika. Kwanza alizipanga kwa tarehe. Hakuna kitu. Akazipanga kwa majina ya walimu. Hakuna kitu. Akazipanga kwa majina ya wauzaji, na hapo mikono yake ikaenda polepole.

Kadi zote arobaini na moja zilizozuiwa zilitoka kwa muuzaji mmoja, Duka la Elikia, la hapo hapo Likasi.

Alivuta chumba cha tatu. Huko kulikuwa na vitabu vilivyoagizwa kwa wauzaji wengine wanne miezi hiyohiyo, na vyote vilikuwa vimesainiwa ndani ya wiki moja tangu kufika. Vingine siku ileile. Mfanyakazi mvivu huzuia kila kitu. Huyu alikuwa amefunga mlango mmoja na kuacha minne wazi.

Jambo jingine: kwenye arobaini na moja zile, mahali pa sahihi ya mwalimu, palikuwa na sahihi moja tu kila mara, herufi C na T zilizoungana. Na nyuma ya karibu kila kadi palikuwa na alama ndogo ya msalaba kwa penseli. Alizihesabu. Misalaba thelathini na tisa. Kadi mbili hazikuwa nayo.

"Shefu Carlos. Huyu Elikia, Mama alikosana naye?"

"Njo hapo umefika," Carlos alisema, akavuta kiti karibu. "Mama alimuomba kintu kidogo. Elikia akakatala. Njo akamuzuilia."

"Na huu musalaba?"

"Kila mara alimuomba na akakataliwa, anaandika."

"Mara makumi tatu na tisa?"

"Unaona roho ya muntu!"

"Aliomba mara makumi tatu na tisa, bakamukatalia zote, na hakuchoka? Hata padri wetu wa quête, wa kuomba sadaka, angekuwa amechoka."

Simu moja ya Carlos ikalia, akaipokea kwa haraka, akazungumza nayo Kifaransa akiwa amegeuka upande mwingine.

Dodo alifungua boksi la kwanza. Vitabu vilikuwa vimevalishwa plastiki ya buluu, gundi bado inanuka. Lakini ndani karatasi zilikuwa za zamani, rangi ya chai. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu palikuwa na doa jeupe, kubwa kama kizibo, pale ambapo karatasi imekwanguliwa. Ukurasa wa mwisho vilevile.

"Hii ni muhuri ilifutwa," alisema Carlos alipomaliza simu. "Ni bitabu ya occasion. Bibliothèque za Bulaya zinatupa, Elikia ananunua, anatuletea. Kila bibliothèque ya Afrika inanunua vile. Hauko muntu wa bitabu, inspecteur, hauwezi kujua."

Yaliingia akilini. Dodo aliandika kwenye daftari lake: vitabu vya mitumba, mihuri ya maktaba za Ulaya imefutwa. Kisha akauliza, "Mbele yako nani alikuwa mukubwa hapa?"

"Muzee Zéphirin. Kichwa yake imekwisha. Ukimuuliza leo, atakuambia Mobutu njo anatawala."

Carlos alitoka kupokea simu ya pili. Glodie aliinama kuokota penseli ambayo haikuwa imeanguka. "Eko mutaa ya Panda," alinong'ona, "nyuma ya paroisse, ile kanisa, lupango ya mulango ya kijani. Kichwa yake iko muzima kupita yangu."

Dodo alichukua kitabu kimoja kutoka kwenye boksi, akakitia ndani ya koti.

*

Saa nne na nusu pikipiki ilimshusha Panda. Mzee Zéphirin alikuwa amekaa uani juani, blanketi magotini, kikombe cha munkoyo, togwa ya mahindi, mkononi. Dodo hakusema yeye ni nani. Alimpa kitabu tu. Mzee alikipima uzito, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa jalada la buluu, akakirudisha bila kukifungua.

"Hii nilikinunua minye," alisema. "Electrolyse ya shaba. Ilikuya na treni. Nani alikivalisha nguo ya mwanamuke?"

"Una hakika, muzee? Haukukifungua."

"Weye mutoto wako akivaa nguo ya jirani, utamufungua mbele ya kumujua? Na weye ni nani?"

"Polisi. Mama Alphonsine eko mu kasho, amefungwa."

Mzee aliweka kikombe chini. "Siku ngapi?"

"Ya tatu. Saa tisa banamupeleka Lubumbashi."

"Na hakusema kintu?"

"Hata kimoya."

Zéphirin alivuta blanketi magotini. "Nilimufundisha muzuri kupita," alisema. "Sikiliza. Kila bibliothèque inapiga muhuri ku ukurasa ya kwanza. Mwizi anaijua ile. Inapiga ku ya mwisho. Mwizi anaijua pia. Njo tunaongeza moya, katikati ya kitabu. Ukurasa moya tu, ileile mu kila kitabu. Haiandikwi ku karatasi. Unaambiwa ku sikio, ile siku unapewa kazi, na unaapa."

"Ni ukurasa ya ngapi?"

"Haikuhusu."

"Muzee, ule mama ataoza kule."

"Najua kule kukoje. Lakini weye ni polisi. Nikuambie asubuhi, magaribi soko ya Kikula yote inajua. Ulete nambari ya ile ukurasa mu soko, kila mwizi wa Likasi ataanza na ile. Haitabakia hata kitabu moya."

Dodo alifungua mdomo atetee polisi, akakumbuka mambo mawili matatu ya mwaka jana, akaufunga.

"Wangapi banajua?"

"Tulikuwa bane. Babili beko ku makaburi. Nabaki minye na Alphonsine."

"Na Carlos?"

Jirani alikuwa anatwanga kitu, mchi ukipiga polepole.

"Carlos alikuya ku remise-reprise, kupokea kazi yangu, na cravate ku shingo na mupiga picha," alisema. "Tulisaini dakika kumi. Aliniomba funguo ya bureau. Aliniomba funguo ya motoka. Bakapiga picha, bakanywa. Minye nilisimama ku mulango na koti yangu mu mukono, nikamungojea aniulize: muzee, kuna kintu ingine? Ile tu. Angeuliza, ningemuambia ku sikio. Nilisimama mpaka bakazima mataa."

"Hakuuliza."

"Aliniuliza juu ya nini niko bado pale."

*

Mzee alikuwa ameapa kutosema nambari, lakini Dodo hakuwa ameapa kutoitafuta. Saa sita alikuwa amerudi maktaba. Carlos alikuwa amekwenda kula. Dodo alitoa vitabu vitatu kwenye rafu za zamani, vitatu vyovyote, akakaa navyo mezani, akalamba kidole na kuanza ukurasa wa kwanza.

Kitabu cha kwanza kilimchukua dakika tatu. Muhuri ulikuwa ukingoni kwa ndani, karibu na mshono, mdogo, wa rangi ya zambarau, na pembeni yake nambari ya kitabu kwa wino. Ukurasa wa themanini na tatu. Cha pili, themanini na tatu. Cha tatu hakukianza mwanzo. Alikifungua palepale, na muhuri ulikuwepo.

Akaenda kwenye maboksi.

Alivipitia vyote. Kitabu cha kwanza chenye nguo ya buluu, ukurasa wa themanini na tatu: muhuri wa taasisi, safi, haujaguswa. Cha pili vilevile. Cha kumi vilevile. Vilipokwisha alikuwa amehesabu thelathini na tisa. Viwili vilivyobaki vilikuwa vijitabu vya kurasa sitini, havikuwa na ukurasa huo. Ndiyo maana kadi zao hazikuwa na msalaba. Mama Alphonsine alikuwa amefungua kila kitabu kilipofika, akaona muhuri wa nyumba yake mwenyewe, akaweka alama kwa penseli, akakataa kusaini.

"Glodie. Leta registre."

Glodie alileta daftari kubwa la majalada magumu. Dodo alimsomea nambari iliyokuwa pembeni ya muhuri wa kitabu cha electrolyse, naye akateremsha kidole chake hadi kwenye mstari wake. Kitabu kilikuwa kimeandikwa kwa wino wa zamani. Mbele yake, kwa kalamu nyekundu, miezi kumi na minne iliyopita: kimeharibika, kimeondolewa. Sahihi: C na T zilizoungana.

Walijaribu cha pili. Kalamu nyekundu. Cha tatu. Kalamu nyekundu. Glodie alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Uliona hii mbele, Mama Glodie?" Dodo alimuuliza.

"Niliona kalamu. Sikuuliza. Niko na batoto bane, papa."

Carlos aliingia akijifuta mdomo. Aliona daftari, akaona vitabu vimefunguliwa vyote mahali pamoja, na akapunguza mwendo.

"Shefu Carlos, hizi ni za Bulaya?"

"Nilikuambia asubuhi."

"Bulaya banapiga muhuri ya Likasi katikati ya kitabu?"

Carlos aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma muhuri. Dodo aliona macho yake yakishuka chini ya ukurasa kutafuta nambari, yakahamia kitabu cha pembeni, yakaitafuta tena. Alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza.

"Alphonsine njo aliiba," Carlos alisema. "Aliuzia Elikia, Elikia alituletea. Unaona? Unanisaidia."

"Mwizi alifuta muhuri ya kwanza. Akafuta ya mwisho. Hii akaacha. Juu ya nini?"

"Alisahau."

"Mara makumi tatu na tisa? Mama Alphonsine anajua hii ukurasa tangu miaka kumi na tisa. Angekuwa yeye, angeanza na hii. Huyu mwizi hakujua kama iko. Ni muntu alikuya nyuma, na hakuna muntu alimuambia. Na sahihi nyekundu ni yako, na sahihi ya kuomba bitabu ni yako. Unakitoa ku mulango ya nyuma, unakivalisha, unakirudisha ku mulango ya mbele, na taasisi inakilipa tena. Mama peke yake njo alikuwa anasimama pale katikati."

Carlos alinyoosha tai yake. "Weye ulisoma mpaka wapi, inspecteur?"

"Troisième, mwaka ya tatu ya secondaire. Papa alikufa, nikaacha."

"Basi usikuye kunifundisha kazi ya bibliothèque."

"Sikufundishi. Lakini kuhesabu mpaka makumi munane na tatu, kule tulifika."

Alifunga vitabu sita kwa kamba, orodha ya ushahidi ikiandikwa mbele ya Glodie, ambaye aliisaini. Daftari alilichukua pia. Vingine thelathini na tano havikuingia kwenye pikipiki. Aliviacha chini ya dirisha. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusubiri akapata gari.

*

Saa nane na nusu alikuwa mbele ya mahabusu, vitabu chini ya kwapa. Mama Alphonsine aliona kamba na plastiki ya buluu. Akasimama.

"Nimeikuta," Dodo alisema. "Juu ya nini haukuniambia siku ya kwanza? Ungekuwa umelala kwako siku tatu."

"Ningesema mbele ya nani? Ulimukalisha pale ku kiti, anakunywa sucré. Nikisema ukurasa, anatoka pale anakimbia kuifuta, na weye haujamaliza hata kuandika. Kisha nafungwa, na bitabu binapotea."

Dodo alikikumbuka kile kiti. Yeye ndiye aliyekivuta.

"Sasa naandika PV, maelezo ya polisi," alisema. "Unatoka leo."

"Nambari usiandike."

"Mama—"

"Andika 'ukurasa ya ndani'. Andika 'muhuri ya siri'. Nambari usiandike, shefu. Nakuomba sawa vile muntu anaomba mayi."

Alikwenda nayo hivyo kwa kamanda. Kamanda alisoma karatasi akiwa amesimama, kisigino kimoja tayari nje ya ofisi, kwa sababu jipu ilikuwa imeshapiga honi barabarani.

"Ukurasa ya ndani," alisoma. "Ya ngapi?"

"Mama anaomba isiandikwe, mon commandant. Ni siri ya kazi yao."

"Kabamba, weye uko polisi ao uko padri? Substitut, mwendesha mashtaka, atasoma hii karatasi atauliza vilevile. Bila nambari ni hadithi. Na jipu haingojee hadithi." Akampa kalamu. "Weka nambari, mama anatoka. Acha, mama anapanda. Chagua upesi. Na copie, nakala ya mulalamikaji, uniwekee pale, nitamutumia sawa siku zote."

"Mulalamikaji njo mwizi, mon commandant."

"Hajahukumiwa. Ni muntu eko na adresse. Tutamuita lundi, Jumatatu."

Honi ikalia tena. Dodo alitazama dirishani. Askari wawili walikuwa wanashuka kwenye jipu, mmoja ana pingu kiunoni, mwingine anakula karanga.

Aliandika nambari. Kwanza kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kama sheria inavyotaka. Kamanda alipiga picha ya karatasi ile kwa simu yake kabla wino haujakauka.

Jipu iliondoka tupu. Mlinzi alimrudishia Mama Alphonsine bahasha yake: pete, rozari, funguo mbili. Alisaini kuzipokea. Kisha akasoma nakala ya maelezo yaliyomtoa, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno, hadi kilipofika kwenye nambari. Kidole kikasimama.

Hakumshukuru. Alifunga kitambaa chake upya akatoka. Dodo alitazamia kwamba angegeuka kushoto, njia ya kwao Kikula, ambako dada yake alikuwa anapika. Aligeuka kulia.

*

Walifika maktaba saa kumi na dakika chache, yeye mbele, Dodo hatua kumi nyuma. Wanafunzi walikuwa wametolewa nje, wamesimama kwenye ngazi na mikoba yao. Glodie alikuwa ndani peke yake, amekaa sakafuni kando ya maboksi.

Vitabu vya buluu vilikuwa vimepangwa vizuri mezani, mafungu saba ya vitabu vitano. Dodo alifungua kimoja. Themanini na mbili, kisha themanini na tano. Katikati palikuwa na kisiki chembamba cha karatasi, kimekatwa kwa wembe, kimenyooka. Alifungua kingine. Alifungua cha tano, cha sita, akaacha. Hata vile vijitabu viwili vya kurasa sitini vilikuwa vimepasuliwa karatasi moja moja, kwa haraka au kwa hasira.

"Shefu Carlos alipata ujumbe ku simu," Glodie alisema. "Alisoma, akafunga mulango. Alisema ni ordre, amri ya polisi. Aliweka makaratasi mu mufuko akaenda. Mama, sikuweza. Mama, nisamehe."

Mama Alphonsine alikuwa amekwenda kwenye rafu za zamani, kule ambako Carlos hakuwa na muda wa kufika. Alitoa kitabu, akakitazama, akakirudisha. Akatoa kingine. Alipapasa migongo yao kwa kiganja kama mtu anayehesabu mifugo baada ya wezi kupita.

"Viko sita kwangu," Dodo alisema. "Chini ya muhuri wa polisi. Na registre. Inatosha kumufunga."

"Sita."

"Inatosha, Mama."

"Leo umeandika. Lundi substitut atasoma, na secrétaire yake, na avocat, wakili ya Carlos, na shoferi ya avocat. Hapa ndani iko bitabu elfu sita, shefu. Jana vyote vilikuwa na mulinzi. Leo havina."

Dodo alikifunga kitabu kilichokuwa mezani.

Mama alifungua meza yake kwa ufunguo mdogo. Alitoa kidau cha wino, muhuri na kitambaa. Alijaribu wino kwa ncha ya kidole, akaongeza matone mawili ya maji. Kisha akachukua kitabu cha kwanza cha rafu ya kwanza, akakaa, akakiweka mbele yake bila kukifungua.

"Natafuta ukurasa ingine. Glodie, uende nje."

Glodie alitoka.

"Na weye, geuka."

"Mama, minye—"

"Geuka, shefu."

Dodo aligeuka. Ukuta ulikuwa na kalenda ya zamani na alama ya maji yaliyovuja. Nyuma yake alisikia jalada likifunguka, kisha kurasa zikipinduliwa, moja moja, bila haraka. Bila kutaka akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na mbili akakohoa ili hesabu impotee. Kurasa ziliendelea, naye akakohoa tena kwa nguvu zaidi, mkono kifuani, macho kwenye kalenda, na hakuacha kukohoa hadi aliposikia muhuri ukipiga karatasi.